Cherehani nyeusi ya kukanyaga baada ya mwaka wa korona: inafaa ama haifai, na 2021 nataka kushona nini

Haya basi. Tangu nianze kuvaa nguo nilizoshona mwenyewe kila mtu ananiuliza ninunue gani, ya stima ama ya kukanyaga, mpya ama ya zamani, na mimi nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa WhatsApp, kwa hivo leo jibu lote liko hapa. Na kwa kua 2020 yenyewe ndio inaisha (iende salama na isirudi) ntachanganya na hesabu ya mwaka na mipango yangu ya mwaka ujao, manake mimi siwezi kuisema hii cherehani bila kuusema huu mwaka, hivyo viwili vimeshonwa pamoja.

Jibu la haraka kwa mwenye haraka zake: kama unajifunzia nyumbani na unataka madera, mashati, kanzu, mapazia, yunifomu za watoto, chukua nyeusi ya kukanyaga na usisumbuke kuuliza tena. Kama unataka kushona vitu vya kuvutika, tisheti, taiti, chupi, nguo za kuogelea, usiinunue kabisa, itakuudhi na utaisema vibaya na haina kosa. Sasa mwenye nafasi akae kitako.

Ni ile ile unayoijua, kichwa cheusi chenye maua ya rangi ya dhahabu, meza ya mbao, miguu ya chuma, pedali pana huko chini na mkanda wa ngozi unaopanda mpaka kwa gurudumu. Wengine wanaita Singer hata kama haijaandikwa Singer. Kuna Singer wenyewe, kuna Butterfly ya Shanghai ambayo ndio iko kila pembe, na kuna majina mengine kibao, yangu ni moja ya hayo majina mengine na silitaji manake hakuna anayenilipa. Jambo la kujua ni kwamba nyingi ya hizi mpya za madukani zimetokana na umbo moja, lile la Singer 15 ya zamani, Wajapani wakaliiga baada ya vita vya pili, Wahindi nao, Wachina nao, na kuiga kwao kumetufaa sisi, manake bobini zake (vile vigurudumu vidogo vya uzi wa chini) zinaingiliana, miguu ya kukandamiza kitambaa inaingiliana, na sindano ni zile za kawaida za nyumbani unazopata duka lolote la uzi na vifungo. Kitu kikivunjika hungoji spea itoke Dubai, unashuka ngazi unavuka barabara unanunua, unarudi chai haijapoa.

Yangu nilinunua mwezi wa pili, elfu kumi na nne na meza yake, mkokoteni juu yangu. Nia ilikua mapazia ya sebule tu, wallahi sikua na ndoto nyingine. Halafu Machi 13 wakatangaza mgonjwa wa kwanza Kenya, shule zikafungwa, Machi 27 kafyu ya saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, Aprili 8 Mombasa, Kilifi na Kwale hakuna kuingia hakuna kutoka. Mimi nafanya kazi hoteli, na mnajua hoteli za pwani bila wageni ni kuta na makuti, tukaambiwa nendeni nyumbani tutawapigia. Mshahara ukabaki huko huko hotelini. Kwa hivo nikawa na cherehani mpya, na mchana mrefu usio na mwisho, na mfuko uliotoboka.

Na hapo ndio barakoa zikaingia. Mnakumbuka ile sheria ya Aprili, kuonekana nje bila barakoa ni faini mpaka elfu ishirini ama jela miezi sita, na zile za dukani za bluu zilikua bei ya samaki, basi kila mwenye cherehani akawa kiwanda. Mimi sikua hata najua kupinda pindo lililonyooka. Lakini nawaambia barakoa ndio darasa bora la mwanafunzi wa kushona kuliko kitu chochote, na sisemi kwa mzaha. Ni kitu kidogo, ukiharibu umepoteza kipande cha kiganja, kina mishono mifupi iliyonyooka, kina pembe za kugeuza, kina mikunjo mitatu ambayo lazima ilale upande mmoja, na kinaonekana usoni kwa hivo ukishona upindepinde watu wanaona wakikuamkia. Ukishona za kutosha kugawia mtaa, mkono unajua wenyewe.

Na hapo ndio nikaijua nguvu ya mashine. WHO walipotoa maelezo Juni 5 kwamba ya kitambaa iwe na tabaka tatu, ya ndani pamba, ya kati ile malighafi ya mifuko isiyofumwa, ya nje kitu kisichonyonya maji haraka, hesabu mwenyewe: tabaka tatu ukizikunja mkunjo zinakua tisa, na pembeni unazungushia utepe, hiyo sindano inapita kwenye ukuta. Nyeusi inapita. Unaweka sindano namba 16, ukifika pale penye unene unaacha kukanyaga unazungusha gurudumu kwa mkono pole pole, sindano inaingia kwek, inatoka, unaendelea. Wifi yangu alikua na ile ndogo ya plastiki nyeupe na zambarau, ya betri na waya, mnaijua, ile ya elfu tatu elfu nne inayouzwa mtandaoni na picha ya mwanamke anacheka. Hiyo kwenye kitambaa kimoja cha pamba inaenda vizuri, na taa inawaka, inapendeza. Ikifika kwenye mkunjo inalia tu, mota inazunguka sindano haishuki, na ni nyepesi hata ukivuta kitambaa inakufuata yenyewe mezani. Sisemi wote waitupe, kwa kupunguza urefu wa suruali ama kurekebisha mto inatosha, lakini mtu asikudanganye kwamba ni cherehani ya kujifunzia. Mwanafunzi akishona nayo anadhani yeye ndio hajui, kumbe ni mashine.

Lastiki ndio iliisha mjini. Mnakumbuka? Ile nyembamba ya kawaida haikuonekana, na ikionekana bei imepanda ngazi, kwa hivo nikajifunza kutoa kamba kutoka kwa kitambaa chenyewe kilichokatwa mshazari, unakunja mara mbili unashona ukingoni. Huo ujuzi nimebaki nao, sasa hata shingo ya dera namaliza na utepe wa mshazari na inakaa safi kuliko kupinda tu.

Sasa Mei. Hii sehemu nataka kukaa kidogo.

Sisi tunakaa Mji wa Kale, na Mei 6 serikali ikafunga Mji wa Kale na kule Nairobi Eastleigh, hakuna kutoka hakuna kuingia, na ilikua ndani ya Ramadhani. Misikiti imefungwa, tarawehe nyumbani, barabara zina vizuizi na polisi. Mtu wa nje hawezi kuelewa, manake Biashara Street iko pale, unavuka tu Digo Road umefika, maduka yote ya leso na vitambaa, na ghafla ile barabara imekua mpaka. Na mafundi wetu wengi wako ng'ambo ya pili. Kawaida Mombasa ukichelewa kumpelekea fundi kitambaa cha Idi, yaani Ramadhani ikishaingia, anakuangalia tu anakwambia nimejaa mama, njoo baada ya Idi, sasa baada ya Idi nitavaa wapi mimi. Mwaka huu hata huyo wa kukuambia amejaa hayuko.

Basi mamangu akafungua sanduku. Wanawake wa pwani mnajua hilo sanduku, kila nyumba liko, leso za harusi ya fulani ambazo hazijakatwa jozi, vitambaa vya zawadi kutoka kwa mtu aliyerudi Maskati, shuka jipya ambalo linangojea mgeni ambaye hajawahi kuja. Tukaamua hakuna kungoja mgeni. Shuka jeupe la pamba likawa kanzu za watoto wa dadangu wawili. Leso ikawa dera la mamangu, na maneno ya leso tukahakikisha yanaangukia chini mbele yasomeke, hilo yeye mwenyewe alisimamia kama mhandisi. Mimi nikajitolea kitambaa cha Maskati nikakata bila patani, nililaza dera langu la zamani juu nikafuata ukingo na chaki.

Na stima nayo ikawa inaenda inarudi. Hapa ndio nikampenda huyu mnyama mweusi kwa dhati, manake usiku wa kafyu, umeme umekatika, taa ya kuchaji iko juu ya meza, na miguu inaendelea kukanyaga tu, haina habari. Mwenye cherehani ya stima jirani yetu alikua anakaa dirishani anangojea. Na hata sauti, ile ya kukanyaga inakua na mdundo wa chini ambao mtoto analala nayo, nyumba zetu ziko karibu mno hata ukikohoa jirani anakuitikia, hakuna aliyegonga ukuta.

Idi ikawa Mei 24, tukaswali nyumbani, tukavaa tukapiga picha barazani na hakuna aliyetuona ila sisi wenyewe. Kola za kanzu zilikua na kasoro ambayo fundi wa kweli angeziona kutoka Lamu. Watoto hawakujali, walikua wanajali mahamri. Mji ukafunguliwa Juni mwanzoni.

Sasa niseme matatizo, manake mapitio bila matatizo ni tangazo.

La kwanza, kujifunza kukanyaga. Hii hakuna anayekwambia dukani. Pedali ukianza na mguu usio sawa gurudumu linazunguka nyuma, na likizunguka nyuma uzi unajifunga chini unakua kiota, na unaanza kufungua na kulaani. Dawa ni hii, kabla hujaweka uzi wala sindano, toa mkanda, kanyaga tu wiki nzima ukiangalia televisheni, halafu rudisha mkanda shona karatasi bila uzi, fuata mistari ya daftari. Kila mara ukianza, mkono wa kulia unalianzisha gurudumu likija upande wako ndio miguu ifuate. Ukishazoea hutafikiria tena, lakini mwanzo utaona kama unaendesha baiskeli na kupiga kinanda kwa wakati mmoja.

La pili, mkanda wa ngozi unalegea. Ni ngozi, lazima ulegee, na pwani hii na joto na unyevu ndio zaidi. Unakata kipande kidogo unatoboa tundu jipya unaunga na ile pini yake. Dakika kumi. Mkanda wa akiba ni bei ya soda mbili, nunua siku ile ile unaponunua mashine.

La tatu ndio kubwa kwa sisi wa baharini: kutu. Upepo wa Mombasa una chumvi na chuma haipendi. Kila nikimaliza napangusa sahani ya meno, ile ya chuma chini ya sindano, na kitambaa chenye mafuta kidogo, nafungua kule chini kwenye shato, pale inapokaa bobini, natoa vumbi la pamba na brashi ya mswaki wa zamani, tone la mafuta kila tundu, nafunika na leso. Mafuta yawe ya cherehani, yale maji maji meupe, usiweke ya kupikia, nimeona mashine ya mtu iliyowekwa mafuta ya kupikia imeganda hata gurudumu halizunguki. Na baada ya kuweka mafuta shona kwanza kitambaa kibovu, la sivyo lile tone la kwanza litaangukia nguo nyeupe, linajua kuchagua.

La nne, inashona mshono ulionyooka tu, mbele na nyuma, basi. Hakuna zigizaga, hakuna kitundu cha kifungo, hakuna kusafisha ukingo. Hapa ndio watu wengi wanakata tamaa wanasema bora ya stima. Mimi nasema ngoja. Ukingo wa ndani una njia mbili za zamani ambazo ni nzuri kuliko ovaloki hata, ile mashine ya kusafisha ukingo. Moja, unashona kwanza nguo ikiwa uso nje, mshono mwembamba, unapunguza ukingo na mkasi, unageuza, unashona tena ndani, ule ukingo mchafu umefungiwa haurudi kuonekana, hii kwa shifoni na pamba nyepesi ndio yenyewe. Nyingine ni ile ya jinzi na mashati ya wanaume, upande mmoja unaukata mfupi, mrefu unaufunika juu yake na kuulaza, unashona juu. Inachukua muda mara mbili, sikatai. Lakini geuza nguo yako ndani nje umwonyeshe mtu, atanyamaza. Kwa kitambaa kizito ambacho hakikubali kukunjwa hivyo napeleka kwa fundi mwenye ovaloki ananipitishia kwa hela kidogo, si aibu. Vitundu vya vifungo nashona kwa mkono, na hapo bado sijafika, tuachie hapo.

La tano, nafasi na uzito. Nyumba za Mji wa Kale ngazi zimesimama wima kama zinaenda mbinguni, kupandisha ile miguu ya chuma ilihitaji vijana watatu na maneno mengi. Ukishaiweka ndio imewekwa. Kama umepanga chumba kimoja na unahama hama, fikiria ile ya mkono, yenye mpini wa kuzungusha, kichwa ni kile kile lakini inakaa kwenye kisanduku chake mezani. Ubaya wake mkono mmoja unazungusha kwa hivo unabaki na mmoja wa kuongoza kitambaa, lakini kwa mtu wa kuanza si mbaya, inakulazimisha kwenda pole.

Mnauliza pia za zamani zilizotumika. Ndio, ukipata Singer ya bibi ya mtu, nzuri mno, chuma cha zamani ni chuma. Angalia namba iliyochongwa kwenye kitako cha kichwa, zile zinazoanza na herufi E nyingi zilitengenezwa Clydebank huko Scotland, kiwanda kilichofungwa 1980, na ndio maana namba za modeli nyingi mnaona zina K mwishoni, ni Kilbowie, mtaa wa kiwanda chenyewe. Lakini kabla ya kutoa pesa fungua pale chini uangalie bobini. Ikiwa ni ya duara ya kawaida, lipa. Ikiwa ni ile ndefu nyembamba inayokaa ndani ya shato lenye umbo la risasi, ni ya kizamani zaidi na bobini zake utazitafuta, usimlipe mwenyewe bei ya pambo. Zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mzima, pakikwama mahali uliza mbona. Na shona pale pale mbele yake kwenye kitambaa ulichokuja nacho mfukoni, kimoja chepesi na kipande cha jinzi. Muuzaji akisema "inashona tu vizuri, haina haja," ondoka.

Na wale wa kunishauri niifunge mota. Najua inawezekana, mafundi wengi wamefunga, mota ndogo pembeni na pedali ya stima, inakimbia. Kwa mwaka wa kwanza mimi nasema usifanye. Kile kitu kinachofanya hii mashine iwe mwalimu ni kwamba haiwezi kukukimbia, kasi yake ni miguu yako. Kwenye kona ya kola unashona mshono mmoja, unasimama, unashona mmoja. Jaribu hivyo na ya stima ya bei rahisi uone, ukigusa tu imefika ukutani.

Kitu kimoja nisisahau, mitumba. Mwaka huu walisimamisha kuingiza mitumba mpaka Agosti hivi, soko la Kongowea likapungua na bei ikapanda, lakini mashati makubwa ya wanaume, yale ya saizi ambayo hakuna mwanamume Mombasa anayo, yalibaki rahisi. Nikanunua nikayafumua. Hii nawaambia ni shule ya pili baada ya barakoa. Ukifumua shati zuri pole pole na kisu kidogo unaona kola ina vipande vingapi, ile karatasi ngumu ya ndani imekaa wapi, mkono umeingizwa kabla ama baada ya kushona ubavu. Halafu vile vipande ndio patani, unavilaza kwenye karatasi ya kaki unachora. Na kitambaa unakitumia tena, blauzi ya mtoto inatoka ndani ya shati la babu wa Ulaya na inabaki ya barakoa.

Basi hesabu ya mwaka ndio hiyo. Ukiniuliza mashine ilirudisha pesa yake, ndio, barakoa peke yake ziliirudisha kabla ya Ramadhani kuisha, na bado nimevaa. Watu wameanza kuniambia fungua kibanda, chukua oda. Hapana. Hoteli wamenirudisha, nusu mshahara na zamu za kubahatisha manake wageni ni wa kutoka Nairobi tu wikendi, lakini nimerudi, na nimeona mafundi wetu jinsi wanavyolala na nguo za watu na simu zao wamezima wiki ya Idi. Mimi nataka kushona bila kuzima simu.

Mipango ya 2021 sasa. Ya kwanza hainingoji hata mwaka uanze vizuri, shule zinafunguliwa Januari 4 na watoto wa dadangu wamekaa nyumbani tangu Machi wanakula, yunifomu hazipandi. Ndugu yao mkubwa yuko darasa la nane, yeye alirudi Oktoba na suruali inayoonyesha soksi yote. Hawa wadogo wanataka gauni la mikunjo ya boksi na kaptula mbili, na mashine ya mshono ulionyooka hiyo ndio kazi yake haswa, yunifomu ni mishono mirefu, pindo nene, tena pindo naliacha kubwa la kushusha mwaka ujao. Mfuko wa kaptula nao ni mshono wa kwenda na kurudi, na sasa ndio najua kwa nini mafundi wa yunifomu wote wana nyeusi.

Kisha zipu. Mwaka mzima nimekwepa zipu, kila kitu changu kinaingia kwa kichwa. Nimenunua ule mguu mwembamba wa upande mmoja, upo mezani unaniangalia. Nataka sketi moja yenye zipu isiyojivimbisha kabla ya mwezi wa tatu, na kama itatoka imevimba ntaifumua mpaka ilale.

Halafu vitundu vya vifungo kwa mkono, ile ya uzi wa kuzungushia ukingo karibu karibu. Hii nataka kujifunza kwa mtu, si kwa YouTube. Kuna mzee hapa mtaani wa kanzu, wa zamani, tangu mji ufunguliwe napita namwamkia shikamoo anaitika, nikimwonyesha kazi yangu anaigeuza ndani nje kwanza kabla ya kusema lolote. Amekubali nikae naye Ijumaa baada ya swala nikiwa nimevaa barakoa yangu. Lengo ni kanzu ya babangu kwa Idi ya mwaka ujao, itaangukia katikati ya Mei inshallah, kola ikae, kifua kilale, kitundu kisichane. Kazija sigusi, ile nakshi ya mkono ya shingoni ni kazi ya miezi na ya mikono mingine, hiyo kwanza nataka kuiangalia ikishonwa tu.

Na la mwisho kwa upande wa kitambaa, sinunui kingine mpaka sanduku la mamangu lifike nusu. Nimeandika hivyo na tayari mkono unawasha manake kuna pamba ya milia bluu Biashara Street niliiona juzi, lakini sinunui. Afadhali nibadilishane na wifi.

Kwa anayeenda dukani wiki hii: bei nilizotaja ni za Mombasa na ni za mwezi wa pili 2020, sasa hivi huenda zimesogea, uliza maduka matatu kabla ya kutoa pesa. Hakikisha bei ni pamoja na meza na miguu, wengine wanakutajia ya kichwa peke yake halafu unajikuta umenunua kichwa. Omba wakupe bobini za ziada, kesi yake, mkanda wa akiba, bisibisi na kichupa cha mafuta, hivyo kawaida wanatoa ukikomaa. Tikisa meza, ikiyumba dukani itayumba zaidi nyumbani. Na ufunge mwenyewe mkanda pale pale ukanyage, usikubali wakufungie kwenye katoni hujaisikia sauti yake. Nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeizuia kwa ajili ya zigizaga.